Mbu Hazaliwi Kwenye Kompyuta

Tulikuwa msibani Kihonda, Morogoro, siku ya pili baada ya mazishi, saa ile ambayo wanaume waliobaki jamvini wamemaliza habari za marehemu na kuanza kuulizana za watoto. Mpwa wangu alipita na birika la kahawa. Ana shahada ya baiolojia, na kwa miaka miwili amekuwa akifundisha masomo ya ziada mtaani kwa malipo ya siku. Kaka yangu mkubwa akamwita: "Mama, nasikia umepata chuo tena?" Binti akapiga goti, akajibu kuwa ndiyo, mjomba, ni uzamili, kozi inayochanganya baiolojia na sayansi ya data. Jamvi likachangamka. "Afadhali! Sasa utaachana na hao mbu wa baiolojia yako." Alipongezwa kuliko siku aliyohitimu.

Sikusema kitu. Matanga si mahali pa kubishania mitaala. Lakini pongezi zile zimenikaa kooni, maana kaka yangu hakuzitunga yeye. Nimezisikia kwa wahadhiri, kwa wafadhili, na kwa vijana wanaojaza fomu za maombi. Kila mmoja huzisema kama jambo lisilodai ushahidi: baiolojia imeshafanya kazi yake, data imejaa tele, anayekosekana ni mtu wa kuichambua. Ndiyo maana uzamili wa aina hii husifiwa kama mlango wa kutokea. Unaingia na matope miguuni, unatoka na kompyuta mpakato na mshahara.

Mimi nasema mlango huo umefunguliwa upande usio wake. Kozi hii ina maana pale tu inapomrudisha mwanafunzi matopeni akiwa na zana kali kuliko alizokuwa nazo. Ikimtoa huko moja kwa moja, itakuwa imemfanya karani wa namba asizojua zilikotoka, na makarani wa aina hiyo tunao wa kutosha.

Niwape kwanza wapinzani wangu haki yao, kwa sababu hawasemi upuuzi. Maabara zetu zina njaa. Vitendanishi huagizwa kwa dola, husafirishwa kwenye barafu kavu, na vinaweza kukaa uwanja wa ndege siku kadhaa barafu ikiisha huku karatasi zikitafutiwa mhuri. Kompyuta haidai barafu. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu ulioanza 1990 na kutangazwa kukamilika 2003 ulimeza takriban dola bilioni 3. Leo jenomu ya mtu mmoja husomwa kwa chini ya dola 1,000, na kipo kifaa cha kusomea DNA kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta kama flashi. Mafaili ya sampuli chungu nzima yako wazi kwenye hifadhi za umma. Kijana aliyeko Songea anaweza kuyapakua usiku, bando likiwa nafuu, akaandika makala yenye uzito bila kugusa pipeti. Nawajua waliofanya hivyo na kazi zao ni nzuri. Kuhusu mishahara sina ubishi hata kidogo.

Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa data ipo, basi ilikotoka si kazi yetu tena. Waswahili walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa kunguni ni kunguni kweli, au mbu, na jedwali ndicho kitanda.

Twende bonde la Kilombero, ambako watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wanatega mbu miaka nenda rudi. Katika utafiti wao mmoja uliochapishwa 2017, mitego ilijaa Anopheles arabiensis. Anopheles funestus walikuwa wachache sana wakilinganishwa na hao. Mpe jedwali hilo mtu anayejua kuhesabu na basi. Atapanga safu kutoka kubwa kwenda ndogo na kukuonyesha adui ni nani, na mchoro wake utakuwa wa kuvutia. Lakini watafiti walipopima ni mbu yupi amebeba vimelea, zaidi ya asilimia 80 ya kung'atwa kunakoambukiza kulitoka kwa wale wachache.

Kwa nini? Jibu halimo kwenye jedwali. Arabiensis hugawa mlo wake kati ya mtu na ng'ombe, na mara nyingi huuma nje. Funestus anapenda damu ya binadamu, anaingia ndani, na anaishi muda mrefu. Kimelea cha malaria kinahitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa mwilini mwa mbu kabla hakijaweza kumwingia mtu. Mbu wanaokufa mapema hawana madhara hata wakiwa elfu. Tena arabiensis hutaga kwenye vidimbwi vya muda vinavyopigwa na jua, ilhali funestus anapenda maji yanayodumu, yenye majani pembeni. Aliyewahi kutembea kandokando ya vijito vya huko akiwa na upawa wa kuchotea viluwiluwi anayajua haya kama anavyojua njia ya kwao. Ambaye hajatembea anaweza kupeleka dawa ya viluwiluwi mahali pasipo na adui, akiwa na takwimu sahihi mkononi.

Kuna mtego mwingine kwenye data za mbu, na huu huwanasa hata wazuri. Anopheles gambiae na ndugu yake arabiensis hawatofautiki kwa macho, hata ukiwatazama chini ya hadubini. Hadi kipimo cha DNA kilipoenea katika miaka ya 1990, madaftari mengi yaliandika "gambiae" kwa wote. Sasa kijana anapakua data za miaka ya 1970 na za miaka ya 2010, anakuta safu mbili zina kichwa kimoja, anaziunganisha. Mstari unashuka. Gambiae wamepungua! Huenda kweli wamepungua. Vyandarua vyenye dawa vimefanya kazi kubwa. Ila sehemu ya mteremko ule imetokana na kubadilika kwa maana ya neno, na hakuna programu itakayomwambia hivyo. Anayemwambia ni fundi wa maabara aliyekuwepo siku kipimo kipya kilipoanza kutumika.

Niseme na la kwangu, nisionekane nawanyooshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita nilitayarisha pleti ya vishimo 96, kila kishimo na DNA ya mbu mmoja. Safu mbili za juu zilikuwa za mbu dume, tuliowanasa kwa wavu magharibi ikiingia, wakati wanapocheza angani kwa makundi wakisubiri majike. Safu nyingine sita zilikuwa za majike wa mitego ya taa, kutoka vijiji vitatu. Matokeo yaliporudi, kompyuta ilichora vijiji vikiwa vimetengana vizuri, mbu wa kijiji cha mbali wakiwa wamejitenga kama wanavyopaswa. Nilishaanza kuandika aya za kwanza. Ndipo, kwa mazoea tu, nikaangalia kromosomu X. Jike anazo mbili, dume ana moja, kwa hiyo vipande vya X vinavyosomeka kwa dume huwa nusu ya vile vya jike. Dume zangu walikuwa kwenye safu mbili za chini.

Nilikuwa nimeigeuza pleti. Kishimo cha kwanza kilikaa mahali pa mwisho, na kila kijiji kikapewa mbu wa kijiji kingine. Programu haikulalamika, na sioni kwa nini ingelalamika: namba zilikuwa safi kabisa. Kilichoniokoa ni kwamba nilisimama mwenyewe chini ya lile kundi la dume jioni ile, shingo ikiniuma, na nilijua wako wapi kwenye pleti. Angepewa faili lile mtu wa kompyuta aliyeko jiji jingine, angelichambua kwa ustadi kuliko mimi na kutoa jibu baya zaidi. Na nikiri, grafu ilipendeza zaidi ilipokuwa na makosa.

Mtu ataniambia hayo ni ya wanyonge, wenye maabara kubwa hawafanyi hivyo. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, watafiti walitangaza mwaka 2006 kwamba wamepata njia ya kutabiri kwa kutumia jeni ni dawa gani itamfaa mgonjwa gani wa saratani. Makala ilitoka kwenye jarida la heshima na majaribio ya tiba yakaanza kwa wagonjwa. Watakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuyarudia matokeo wakashindwa. Walipochimba walikuta orodha za jeni zimesogea kwa mstari mmoja: kila jeni ilikuwa imepewa namba za jirani yake. Mahali pengine wagonjwa waliosikia dawa na wasiosikia walikuwa wamebadilishwa majina. Majaribio yakafungwa, makala ikaondolewa, na baadaye ikathibitishwa kuwa palikuwa na udanganyifu pia. Lakini tuache udanganyifu. Mstari mmoja tu uliosogea ulitosha kuzitaja kama chanzo cha tatizo jeni zisizohusika, na wataalamu wakaupitisha, kwa kuwa hakuna aliyesoma orodha ile na kushtuka: hii jeni inatafuta nini hapa?

Kisa cha pili hakina mwovu, ndiyo maana nakipenda zaidi. Mwaka 2014 mradi mkubwa wa kimataifa ulitoa matokeo ya ajabu. Ukilinganisha jeni zinazofanya kazi katika viungo vya binadamu na vya panya, walisema, moyo wa mtu unafanana zaidi na ini la mtu kuliko moyo wa panya. Mwanabaiolojia yeyote angepaswa kukunja uso, maana moyo ni moyo. Mwaka uliofuata Yoav Gilad na mwenzake Orna Mizrahi-Man walifungua mafaili ghafi na kusoma maandishi madogo yaliyo juu ya kila faili, yale yanayotaja mashine na zamu. Sampuli nyingi za binadamu na za panya zilikuwa zimepitishwa kwenye mashine kwa nyakati tofauti. Walipoondoa athari ya mashine, mioyo ikarudi kwa mioyo na maini kwa maini. Hesabu za awali hazikuwa na kosa, ila ziliuliza swali kuhusu viumbe na kujibiwa kuhusu ratiba ya maabara.

Sitakaa sana kwenye lile la Excel, kwa sababu kila mhadhiri hulisimulia: programu iliyogeuza jina la jeni SEPT2 kuwa tarehe 2 Septemba, hadi uchunguzi wa 2016 ulipokuta makosa ya namna hiyo katika takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni, na mwaka 2020 kamati ya majina ikasalimu amri na kuzibadilisha jeni hizo majina. Kinachonichekesha ni kwamba tulibadilisha majina ya jeni ili kuiridhisha programu ya wahasibu.

Siku hizi hoja imepata shoka jipya: akili unde. Naambiwa hata uchambuzi wenyewe hautahitaji mtu, itabaki kuuliza tu. Na mfano unaotajwa kila mara ni AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini, iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini ilikula nini ikashiba? Hifadhi ya maumbo ya protini ilianzishwa 1971 ikiwa na maumbo saba. Kwa karibu nusu karne watu walikuza fuwele za protini tone kwa tone, wakazipiga miale ya eksirei, wakashindwa, wakarudia. Wengine walimaliza uzamivu mzima kwa umbo moja. Programu ilifunzwa kwa maumbo zaidi ya 100,000, mengi yake yakiwa yamepatikana hivyo. Anayesema AlphaFold imemaliza kazi ya maabara amekula ugali akatangaza kwamba mashamba hayana kazi. Na kwa wadudu, mimea na vimelea vya kwetu ghala hilo halijajaa. Mashine itakisia kwa kufuata ilichokiona kwingine, na itakisia kwa sauti ya kujiamini.

Nakuja kwenye jibu ambalo wenzangu wengi hulitoa wakibanwa. Wanasema: sawa, tugawane kazi. Mwanabaiolojia akusanye, mtu wa data achambue, wakutane mezani. Linasikika kama busara. Nimekaa kwenye meza hizo. Anayekusanya hajui kipi ni cha ajabu kwenye matokeo kwa sababu hasomi programu. Anayechambua hajui kipi ni cha ajabu kwenye sampuli kwa sababu hajaziona. Kila mmoja anamwamini mwenzake, na kosa linapita katikati yao likitabasamu. Pleti yangu ilipogeuka, mkutano upi ungeligundua?

Halafu kwetu mgawanyo huo haukuwahi kuwa wa meza moja. Umekuwa wa bahari. Damu na mbu huondoka hapa kwenye masanduku ya baridi, jedwali hutengenezwa ng'ambo, na jina la aliyelala porini hutokea katikati ya orodha ya waandishi, mahali ambapo jicho halitui. Kwa hiyo naielewa hamu ya vijana wetu ya kuwa wachambuzi. Wamechoka kuwa wabebaji. Ila wakikimbilia wote kwenye skrini na kuiacha sampuli, watakuwa wamehamia kwenye kazi ambayo yeyote popote duniani anaweza kuifanya, mwenye umeme wa uhakika na intaneti ya kasi kuliko wao. Ambacho hakiwezi kufanyika popote tu ni kuwa mtu wa hapa, anayemjua mbu wa hapa na lugha ya mwenye nyumba anayemruhusu atege mtego chumbani kwake, na papo hapo anayeweza kuandika mwenyewe programu ya kuchambua alichokinasa.

Angalia jinsi mambo yanavyokosekana pale mtu wa hapa anapokosekana. Mwaka 2018 watafiti walisoma jenomu za watu 910 wenye asili ya Afrika wakakuta karibu herufi milioni 300 za DNA ambazo hazimo kabisa kwenye jenomu inayotumika kama kielelezo cha binadamu. Programu nyingi huanza kwa kulinganisha kila kipande na kielelezo hicho; kisichopata mahali hutupwa. Mwanafunzi aliyefundishwa amri za kompyuta peke yake ataona asilimia ndogo ya vipande "havikulingana", ataipita. Aliyefundishwa baiolojia ya binadamu atajiuliza ni vya nani.

Au chukua jeni ya APOL1. Wamarekani Weusi huugua figo kwa kiwango kikubwa kuliko majirani zao Weupe, na mwaka 2008 takwimu ziliielekeza lawama kwenye jeni iitwayo MYH9. Hesabu zilikuwa imara. Miaka miwili baadaye ikajulikana mhusika ni APOL1, iliyo pembeni tu kwenye kromosomu ileile: takwimu zilifika mtaa sahihi zikabisha hodi nyumba ya jirani. Lililoipa APOL1 maana lilitoka mbali na figo. Protini yake ilikuwa ikijulikana kwa wanaochunguza malale, kwamba inaelea kwenye damu ya binadamu na kuua vimelea vinavyoletwa na mbung'o. Zile tofauti za jeni hii zinazoharibu figo ndizo zinazoiwezesha kumuua Trypanosoma brucei rhodesiense, kimelea cha malale ya Afrika Mashariki. Na bado kuna fumbo: tofauti hizo zimejaa zaidi Afrika Magharibi, ambako rhodesiense hayupo. Hapo mtu wa baiolojia anakuna kichwa na kupanga safari. Jedwali lenyewe halikuni kichwa.

Wanaodhani ninahubiri ndoto wanisikilize, kwa kuwa jambo hili lilishafanyika hapa kabla kompyuta haijafika. Anthony Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford kwenye msafara wa kwenda Mlima Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akatafuta chembe za selimundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wenye chembe hizo wakizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Data hiyo ingeweza kuwekwa kwenye ramani na kuachwa. Yeye alijua ni wapi mbu wanauma na wapi baridi imewafukuza, na mwaka 1954 akachapisha hoja ambayo leo iko kwenye kila kitabu cha jenetiki: jeni inayoua watoto imebaki kwa sababu mtu mwenye nakala moja tu anakingwa dhidi ya malaria kali. Dhana, sampuli na hesabu vilikaa kichwani mwa mtu mmoja.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alifanya jambo la jamii hiyohiyo kwa uvimbe wa taya uliowaua watoto. Alituma vikaratasi vyenye picha kwenye hospitali za bara zima akiuliza, mmewahi kuona hiki? Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wakapanda gari kuukuu wakaendesha takriban kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, wakitia alama kwenye ramani. Uvimbe ulifuata joto na mvua na kukoma kwenye miinuko. Ramani hiyo ikafungua njia: ugonjwa ukahusishwa na malaria, na virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa 1964 kutoka kwenye uvimbe uliopelekwa London toka Uganda. Leo tungesema Burkitt alikuwa na data chafu, isiyo na sampuli ya nasibu. Kweli. Na alijua uchafu wake umekaa wapi, kwa kuwa aliziona hospitali kwa macho yake.

Mtu asidhani ninawatetea walimu wangu wa baiolojia. Wao ndio walioitengeneza dharau hii. Tulifundishwa majina ya sehemu za mende na kuchora kwa penseli ya 2H, takwimu zikapewa muhula mmoja wa saa za mchana, darasa likisinzia. Hadi leo kuna wasimamizi wanaomwambia mwanafunzi akusanye kwanza, "halafu utatafuta mtu wa takwimu", kama vile takwimu ni kubandika jalada kwenye tasnifu. Mtu wa takwimu akifika wakati huo anachoweza ni kutoa rambirambi. Idadi ya nyumba, mpangilio wa mitego, nani awe kwenye pleti ipi, yote hayo ni hesabu na yalipaswa kufanyika kabla betri ya kwanza haijachajiwa. Kijana anayeikimbia baiolojia ya namna hiyo simlaumu.

Kozi za bioinfomatiki zipo, Nairobi, Pwani kule Kilifi, Makerere, na nyingine zinachipuka. Sizitaki zipunguze kompyuta. Waandike R na Python mpaka waziote, wajue uwezekano na hesabu za matriki vizuri kuliko nilivyojua mimi. Nataka kitu kimoja kiongezwe na kisiondolewe kwa kisingizio chochote: hakuna tasnifu itakayopita ikiwa mwandishi hajakusanya walau sehemu ya sampuli zake kwa mkono wake, akazitoa DNA au kuzipima, akazichambua, na akaeleza kila ilipopotea mojawapo. Anayetumia data za wengine, ruhusa, lakini akakae wiki tatu na waliozikusanya au wanaokusanya za aina hiyo. Hata wa saratani akasimame na fundi anayekata vipande vya uvimbe. Na anayetoka kwenye kompyuta, asiyejua baiolojia, asipewe kozi moja ya utangulizi yenye picha za seli. Apelekwe huko huko.

Watasema ni ghali. Mtego wa taa, betri, nauli ya basi hadi Ifakara na posho ya mwezi ni pesa ndogo kuliko ada ya muhula mmoja. Watasema muda hautoshi. Miezi miwili ya kufundisha programu ambayo itakuwa imepitwa na wakati kabla mwanafunzi hajavaa joho inapatikana, ya mbu haipatikani?

Juzi nilikuwa mtahini wa tasnifu moja. Kijana alikuwa na mchoro mzuri wa mbu kwa usiku 60, na katikati palikuwa na pengo la siku nne. Programu yake ingeweza kulijaza kwa makadirio. Zipo njia, na mwenzangu kwenye jopo alimuuliza kwa nini hakuzitumia. Kijana akasema usiku wa kwanza mvua ilinyesha, maji yakafika kwenye ngazi za nyumba. Siku tatu zilizofuata mwenye nyumba alikuwa amefiwa, palikuwa na watu wengi wamelala sebuleni mtego ulipo, naye hakuona kuwa ni adabu kuuingiza. "Mbu walikuwepo, mwalimu," akasema. "Tena wengi, watu wote wale walikuwa wamelala bila chandarua. Makadirio yangeandika usiku wa kawaida. Ule haukuwa usiku wa kawaida."

Tukamwambia atoke nje kidogo ili tujadiliane. Hatukujadiliana kitu.